Mlio wa Pesa Utengeneze Mwenyewe, na Usimgawie Mtu

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siku hizi mbiu iko mfukoni, na mara nyingi jambo lenyewe ni pesa. Shida ni kwamba mbiu zetu zote zinalia sawa.

Pita Ndia Kuu, pale Mji wa Kale Mombasa, saa za jioni. Watalii wanatoka Fort Jesus, watoto wanatoka madrasa, tuktuk inapiga honi ikitafuta pa kupenya. Ndani ya duka kuna muuzaji mmoja na wateja wanne, na kila mtu ana simu mkononi. Simu inalia "ting". Ya nani? Muuzaji ameshika mizani. Mteja aliyesimama mwisho, ambaye hajatuma hata shilingi, anasema kwa upole: "Hiyo ndiyo yangu imeingia, mamangu. Elfu moja na mia mbili." Anachukua mzigo wake, anatoka. Hesabu inakuja kukataa usiku, wakati wa kufunga.

Wizi wa aina hii hauhitaji utaalamu wa kompyuta. Unategemea kitu kimoja tu: muuzaji hawezi kutofautisha mlio wa pesa zake na mlio mwingine wowote. Dawa yake ya kwanza ni ya bure, na unaweza kuitengeneza leo kwa simu uliyo nayo. Ni ringtoni ya kujitengenezea mwenyewe.

Mlio ulikuwa ujumbe kabla ya pesa kuingia kwa simu

Mwaka 2000, Safaricom na KenCell zilipoanza kugombea wateja, kupiga simu kulikuwa ghali. Watu wakajifunza kuflash. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Hakuna aliyelipa, na habari imefika. Flash moja, nimefika salama. Mbili, shuka chini niko mlangoni. Kila nyumba ilikuwa na makubaliano yake.

Wakati huohuo watu walikuwa wakijitungia milio. Nokia 3210 ya mwaka 1999 na Nokia 3310 ya mwaka 2000 zilikuwa na sehemu ya kutunga. Kitufe cha 1 kilikuwa do, 2 kilikuwa re, hadi 7. Kitufe cha 8 kilifupisha noti, 9 kiliirefusha, 0 kiliweka kimya, na nyota ilipandisha au kushusha sauti. Wimbo mzima ukawa safu ya tarakimu, na safu hiyo unaweza kumwandikia mwenzako kwenye karatasi kama unavyomwandikia mapishi ya mahamri. Baadaye ikaja infraredi, simu mbili zikielekezana vichwa bila kutikisika. Kisha Bluetooth. Kisha memori kadi, unayopeleka kwa kijana wa duka la simu akakujazia.

Kwa Mombasa, kugawana sauti mkono kwa mkono hakukuwa jambo geni. Kabla ya simu kulikuwa na kaseti. Maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza taarab, na sauti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilizunguka pwani kwa watu kununua, kuazimana na kunakiliana.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Kuanzia hapo meseji ikapata uzito mpya. "Ting" moja inaweza kuwa salamu, tangazo, au kodi ya mwezi mzima. Lakini wengi wetu tuliacha simu ilie vilevile kwa yote matatu.

Usichanganye ringtoni na wimbo wa mpigaji

Tuweke hili sawa kwanza, kwa sababu linahusu mfuko wako.

Ringtoni ni mlio unaousikia wewe simu yako ikiita. Ni faili ndani ya simu yako. Haihitaji mtandao, haikati kredo, na hakuna anayekutoza kwa siku wala kwa wiki.

Wimbo wa mpigaji, kama Skiza ya Safaricom, ni ule anaousikia mtu anayekupigia wakati anasubiri upokee. Huo haukai kwenye simu yako. Uko kwa mtandao, na unaulipia kutoka kwa salio lako la simu. Si jambo baya. Ni njia mojawapo ya msanii kupata riziki, na Kenya ilipoifanyia marekebisho Sheria ya Hakimiliki mwaka 2022, iliandikwa kwamba fungu la mwenye kazi katika mapato ya nyimbo hizo lisipungue asilimia 52. Ukimpenda msanii, mweke.

Tatizo ni kulipia kitu usichojua unalipia. Ukiona kredo inapungua bila kupiga simu, angalia kama umejiunga na huduma za meseji za kulipia. Nyingi husimama ukituma neno STOP kwa nambari fupi inayokutumia. Ikikataa, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe waondoe. Na ukiletewa meseji ya "pata ringtoni mpya kwa bob chache tu", kumbuka kwamba unaweza kujitengenezea moja kwa dakika tano bila kulipa chochote.

Sauti gani inafaa?

Spika ya simu ni ndogo, na spika ndogo haiwezi besi. Ngoma nzito inayotikisa ukumbi wa harusi ikitoka kwa simu inakuwa kama mtu anagonga katoni. Sauti zinazopenya ni nyembamba, kali na fupi. Sikio la mtu pia linashika vizuri zaidi sauti za kiasi cha kati ya hezi 2,000 na 5,000, yaani upande wa filimbi na kengele ndogo.

Wauza kahawa wa pwani walilijua hili bila kipimo. Anapita na dele lake la shaba mkono mmoja, na mkono wa pili anagonganisha vikombe vidogo. Hapigi kelele kutangaza biashara, lakini aliye kona ya pili anasikia na anajua kahawa imefika. Sauti ile ni fupi, iko juu, na haifanani na kitu kingine chochote njiani.

Ndia Kuu na vichochoro vyake vimejaa sauti za namna hiyo:

- Vikombe vya kahawa vikigonganishwa mara tatu.
- Kijiko kwenye bilauri ya chai.
- Pete ya chuma ikigonga mlango wa kuchonga.
- Mkasi wa fundi cherehani ukifunguka na kufunga.
- Bangili mbili zikigusana.
- Filimbi au mluzi wako mwenyewe.

Zisizofaa ni hizi. Honi ya tuktuk au boda, kwa sababu utaruka kila dakika. Wimbo wenye utangulizi mrefu, kwa sababu meseji inalia sekunde mbili tatu na wimbo utakatika kabla haujaanza. Na sauti inayosema "Pesa imeingia!" kwa nguvu, kwa sababu unamtangazia kila anayepita, hata yule ambaye hukutaka ajue. Mlio mzuri wa pesa unaelewa wewe na msaidizi wako. Kwa wengine wote ni kijiko tu kimegonga bilauri.

Kuhusu aya za Qur'ani na adhana, mtaa huu una misikiti mingi na watu wana hisia zao. Wanazuoni wengi hawapendi aya itumike kama mlio, kwa sababu hukatwa katikati mtu anapopokea, na simu yaweza kulia chooni. Waweza kuwa na hoja yako, lakini kwa simu ya dukani chagua sauti isiyomkwaza mteja.

Jinsi ya kuutengeneza

1. Chagua wakati. Alfajiri baada ya swala, kabla maduka hayajafunguliwa, ndio wakati mtulivu zaidi. Kuta za mawe na vichochoro vyembamba hurudisha sauti, kwa hivyo ukitaka mlio safi rekodi chumbani penye godoro, mapazia au marobota ya leso. Vitambaa hunyonya mwangwi.

2. Rekodi. Fungua kinasa sauti cha simu. Weka kitu chako umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maiki. Karibu zaidi ya hapo sauti itapasuka. Kama uko karibu na bahari na upepo unavuma, funika maiki kwa kitambaa chepesi. Rudia mara nne au tano, kisha uchague iliyo bora.

3. Kata. Vinasa sauti vingi vina sehemu ya kukata, mara nyingi yenye alama ya mkasi. Ondoa kimya cha mwanzoni. Mlio uanze papo hapo. Kwa meseji, sekunde mbili hadi tatu zinatosha. Kwa simu inayoita, sekunde 15 hadi 20.

4. Hifadhi mahali simu inapopaona. Kwenye Android, faili ya sauti ukiihamishia kwenye folda ya Ringtones itatokea kwenye orodha ya milio ya simu, na ukiiweka kwenye folda ya Notifications itatokea kwenye milio ya meseji. Kwenye iPhone, tumia GarageBand, usizidishe sekunde 30, kisha uihifadhi kama ringtoni.

5. Uunganishe na pesa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mazungumzo ya meseji za huduma yako ya pesa, yale yanayokuja kwa jina la huduma. Ingia kwenye maelezo ya mazungumzo hayo, kisha arifa, kisha sauti, uchague mlio wako. Sasa meseji za huduma hiyo zitalia vikombe vya kahawa, na meseji nyingine zote zitaendelea na "ting" yao.

Kama una simu ya kubonyeza, hizi tunazoita kabambe au mulika mwizi, nyingi haziwezi kutenganisha meseji kwa mtumaji. Lakini nyingi zina kinasa sauti na zinaweza kubadilisha mlio wa meseji zote. Fanya hivyo. Hata kama simu italia vilevile kwa kila meseji, haitafanana na za wateja walio mbele yako. Ukiweza, laini ya dukani iwe ya dukani tu. Salamu za familia ziende kwa simu nyingine.

Kugawana bila kujiumiza

Raha ya ringtoni ya kujitengenezea ni kumgawia mwenzako. Mjukuu akimrekodia bibi yake kicheko chake, na bibi akakiweka kiwe mlio wa simu yake, hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Tuma kwa Bluetooth kama mko pamoja, hakili bando. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, ili mwenzako aihamishe kwa urahisi kwenye folda ya milio.

Mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, ni sauti ya nani? Kijiko chako na bilauri yako ni vyako. Sauti ya mtu mwingine, muombe ruhusa kabla hujaisambaza. Wimbo wa msanii una mwenyewe. Kukata vipande vya nyimbo za watu ukawauzia wengine bila idhini ni kuingia kwenye mali ya mtu, hata kama kila mtu mtaani anafanya.

Pili, programu za ringtoni. Ukipakua programu ya kukata nyimbo na ikakuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, kataa, kisha uifute. Kukata sauti hakuhitaji meseji. Meseji zako zina salio lako, majina ya wateja wako, na zile nambari za siri za mara moja za kuthibitisha kwamba ni wewe. Anayezisoma hizo ameshafika nusu ya njia kuingia kwenye akaunti yako. Kinasa sauti kilichokuja na simu kinatosha.

Tatu, faili usiyoitarajia. Mtu asiyekuwa kwenye kontakti zako akikutumia "ringtoni kali" na simu ikauliza kama unataka *kusakinisha*, simama hapohapo. Sauti haisakinishwi, inachezwa. Kinachotaka kusakinishwa ni programu.

Ule mmoja usiogawa

Gawa milio yote unayotengeneza isipokuwa ule wa pesa.

Sababu ni rahisi. Kama maduka yote ya mtaa yakitumia vikombe vilevile vya kahawa kwa sababu muliupenda mkagawana kwa WhatsApp, tumerudi kwenye "ting". Na mlaghai akiupata ule mlio, anaucheza kwenye simu yake akiwa amesimama mbele yako, na wewe utaisikia pesa ambayo haipo.

Hata usipougawa, mteja wa kila siku atauzoea, na mwenye nia mbaya anaweza kuurekodi. Kwa hivyo ubadilishe kila baada ya muda. Leo kijiko, baada ya mwezi mkasi. Mwambie msaidizi wako tu.

Sasa tuangalie mlio huu unakusaidia nini hasa. Meseji nyingi feki za "umepokea" hutumwa kutoka laini ya kawaida ya mtu, inayoanza na 07 au 01. Kwa simu uliyoipanga vizuri, meseji hiyo italia "ting" ya kawaida, kwa sababu haikutoka kwa jina la huduma. Kwa hivyo kinachokulinda zaidi ni kimya. Mteja akikwambia ametuma, na vikombe havijalia, ngoja kabla ya kutoa mzigo.

Sema kwa adabu, kama tunavyosema pwani: "Samahani, mwanangu, kwangu bado haijalia. Keti kidogo tuitazame pamoja." Mteja mwaminifu hakasiriki. Mtandao huchelewa wakati mwingine, na yeye pia anataka pesa zake zisipotee. Mwenye haraka ya ajabu ndiye wa kumtazama mara mbili.

Upande wa pili pia tuuseme wazi: mlio kulia hakuthibitishi kwamba umelipwa. Wako walaghai wenye uwezo wa kuiga hata jina la mtumaji, na meseji yao inaweza kuingia kwenye mazungumzo yaleyale ya huduma yako na kulia mlio uleule. Mlio unakuambia "tazama". Usiuchukue kama "toa mzigo". Kinachothibitisha ni salio lako, unapoliangalia mwenyewe kwenye menyu au programu ya huduma. Kwa kitu cha bob 50 unaweza kuamua kusoma meseji ikatosha. Kwa mzigo wa elfu kadhaa, angalia salio kila mara, hata kama mteja ni jirani.

India wamelishughulikia tatizo hilohilo kwa kifaa. Mwaka 2019 kampuni ya Paytm ilianza kuwapa wenye maduka kisanduku chenye spika kinachotamka kiasi kilicholipwa, ili muuzaji asilazimike kuishika simu kila dakika. Wazo ni lilelile: mikono ina kazi, macho yana kazi, basi masikio yasaidie. Tofauti ni kwamba mlio wako hautamki kiasi. Anaweza kutuma mia moja akakwambia elfu moja, na vikombe vitalia vilevile. Soma tarakimu.

Kabla hujafungua duka kesho

- Rekodi sauti moja fupi, ya juu, isiyofanana na yoyote mtaani kwako.
- Iweke kwa meseji za huduma yako ya pesa peke yake, au kwa meseji zote za simu ya dukani kama ni kabambe.
- Mfundishe msaidizi wako: isipolia, tunangoja. Ikilia, tunatazama kiasi na salio.
- Futa programu yoyote ya ringtoni inayosoma meseji zako.
- Ukipata meseji feki, usiijibu wala usirudishe "pesa zilizotumwa kimakosa". Pigia huduma kwa wateja kwa nambari rasmi unayoijua, si ile iliyo kwenye meseji.

Mia mbili hapa na elfu pale hazionekani siku ileile, lakini ndizo faida ya wiki kwa mama wa viazi karai na kwa muuza leso. Kijiko na bilauri viko jikoni. Dakika tano usiku wa leo, na kesho pesa ikiingia utaitambua kwa sauti yake.